Kuacha Kung'ata Kucha: Utulivu wa Mwili, Hipnosisi na Uhuru wa Mtu



Somo letu la leo linahusu jambo linaloonekana dogo, hata la kuchekesha: tabia ya kung'ata kucha. Tumelichagua kwa sababu katika malezi tunakutana nalo mara nyingi. Wakati wa kujisomea usiku, hasa mitihani ikikaribia, tazama waliokaa madawatini: hutakosa wawili watatu wenye vidole mdomoni.

Tunamkumbuka kijana mmoja aliyekunja ngumi kila aliposimama kusoma somo la Misa, ili vidole vyake vyenye vidonda visionekane. Alishapaka pilipili, akapaka maji ya mwarobaini, akaungama mara nyingi. Baada ya wiki mbili alirudi palepale. Mwishowe hakusumbuliwa tena na kucha tu. Alijiuliza: "Kama siwezi kuushinda mkono wangu mwenyewe, nitawezaje kutunza ahadi za upadri?" Swali hilo linastahili jibu.

1. Tabia hii hufanyaje kazi

Kwa kawaida kung'ata kucha huanza utotoni. Wengi huacha wakikua, wengine huendelea nayo hadi utu uzima. Huchochewa na wasiwasi, uchovu wa kukaa bila kazi, au hata umakini mkubwa kama ule wa kusoma. Mkono hupanda mdomoni, mtu hupata nafuu kidogo, na mwili hujifunza kwamba njia ya kutuliza wasiwasi ni hiyo. Ikirudiwa mara nyingi, haihitaji tena uamuzi.

Madhara yapo. Ngozi inayozunguka ukucha huchanika, vijidudu huingia, kidole huvimba na kutunga usaha. Uchafu na mayai ya minyoo yaliyo chini ya kucha huingia tumboni. Meno nayo huweza kudhurika. Juu ya hayo yote huja aibu, na aibu huongeza wasiwasi, na wasiwasi huurudisha mkono mdomoni.

2. Je, ni dhambi?

Wanafalsafa wetu wa mwaka wa kwanza wanaijua tofauti kati ya actus hominis, yaani tendo la mtu, na actus humanus, yaani tendo la kibinadamu linalotokana na akili na utashi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoeleza tofauti hiyo mwanzoni mwa sehemu ya pili ya Summa Theologiae, anatoa mfano wa mtu anayechezesha mguu au mkono, au anayejikuna ndevu, huku mawazo yake yako kwingine. Anayeng'ata kucha bila kujua yuko karibu sana na mtu huyo wa Mtakatifu Thoma. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba wajibu wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, au hata kuondolewa, kwa sababu kama kutokusudia, hofu na mazoea.

Hapo tunaanza kumjibu kijana wetu. Kushindwa kuuzuia mkono usioangaliwa si kipimo cha uaminifu wa moyo. Hata hivyo, hatusemi kwamba hana la kufanya. Anapogundua kidole kiko mdomoni, uhuru wake unaamka, na kazi inaanzia hapo: kulivuta tendo kutoka gizani hadi mahali ambapo akili inaliona.

3. Kutambua na kulegeza mwili

Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walichapisha njia ya kugeuza mazoea. Ina nguzo mbili kuu. Ya kwanza ni kutambua: ni saa ngapi, mahali gani, na katika hali gani mkono hupanda? Ya pili ni kuupa mkono kazi nyingine isiyoweza kufanyika pamoja na ile ya zamani, kama kukunja ngumi taratibu au kushika kalamu kwa dakika 1 hadi 3, mpaka hamu ipite.

Kwa kuwa mara nyingi chanzo ni wasiwasi, tunaongeza zoezi la kulegeza misuli. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1929. Msingi wake ni huu: mtu anayejua misuli iliyokaza ikoje, anaweza kujifunza kuilegeza. Kaa vizuri, pumua polepole. Kaza viganja kwa sekunde 5, kisha achia na usikilize tofauti. Fanya hivyo kwa mikono, mabega, uso, tumbo na miguu. Dakika 10 zinatosha.

4. Hipnosisi na msimamo wa Kanisa

Neno hipnosisi huwatisha wengi. Hudhani ni uganga au kiinimacho. Limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi, na lilienezwa na James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, katika kitabu chake cha mwaka 1843. Baadaye yeye mwenyewe aliona jina hilo halifai, kwa sababu mtu halali. Yuko macho, ametulia, na umakini wake umekusanywa juu ya wazo moja. Katika hali hiyo hupokea kwa urahisi zaidi maelekezo aliyoyakubali, kwa mfano: "Mkono wako ukigusa mdomo, utatambua na kuushusha."

Kanisa halikunyamaza. Mwaka 1856 Ofisi Takatifu iliwaandikia maaskofu kuwaonya juu ya matumizi mabaya ya kile kilichoitwa magnetismo, hasa pale kilipochanganywa na ubashiri na kuita roho za wafu. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akizungumza na madaktari wa nusukaputi, alieleza kwamba hipnosisi inayotumiwa na daktari kwa lengo la tiba inaruhusiwa, mradi tahadhari za sayansi na maadili zizingatiwe. Si mchezo wa kuburudisha watu.

Kwa hiyo anayehitaji hipnosisi amwendee mtaalamu wa afya aliyesomea kazi hiyo, si mtu wa jukwaani. Mwenye ugonjwa mkubwa wa akili aanze kwa daktari wake. Tena tusitegemee muujiza: njia ya kugeuza mazoea ina ushahidi imara zaidi, na hipnosisi huja kama msaada.

5. Mazoezi ya wiki nne

Wiki ya kwanza: usijizuie. Andika tu kila unapojikuta unang'ata: saa, mahali, ulichokuwa ukiwaza.

Wiki ya pili: kata kucha na kuzisawazisha, kisha tumia zoezi la ngumi au kalamu kila hamu inapokuja.

Wiki ya tatu: ongeza kulegeza mwili kila jioni. Ukishatulia, jione unasoma kitabu, mkono unaanza kupanda, unautambua, unaushusha. Jiambie sentensi moja fupi kwa utulivu.

Wiki ya nne: mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akukumbushe kwa ishara, bila kukucheka. Ukiteleza, rudi kwenye daftari la wiki ya kwanza.

Ikiwa vidole vina usaha, au wasiwasi unakunyima usingizi, mwone daktari na umweleze mlezi wako.

Hitimisho

Kijana wetu hakupona kwa siku moja. Wakati wa mitihani aliteleza, na kidole gumba cha kushoto kilichelewa kuliko vingine. Lakini aliacha kujihukumu, na alipoacha kujihukumu wasiwasi ulipungua. Neema haifuti maumbile bali huyakamilisha. Nayo maumbile yana misuli, pumzi na mazoea. Kuyafahamu ni sehemu ya malezi.

Maswali ya kujipima

1. Ni katika hali gani mwili wako hutenda kabla hujaamua?
2. Eleza kwa maneno yako kwa nini hipnosisi ya tiba si uganga.
3. Ungemjibuje mwenzako anayedhani udhaifu mdogo kama huu unamwondolea wito?