Kutu ya Milango ya Pikapu Huanzia Ndani

Mvua inyeshapo, maji hutiririka juu ya kioo cha dirisha la pikapu, hupenya kwenye mpira na kuingia ndani ya mlango. Hiyo si kasoro, kwani chini ya kila mlango pana matundu madogo ya kuyatoa. Kasoro huanza matundu hayo yanapozibwa na vumbi, majani na tope la barabarani. Maji yakituama, kutu hula bati kutoka ndani. Rangi inapovimba kwa nje, aghalabu bati limekwisha kutoboka. Katika maeneo ya pwani, chumvi iliyomo hewani huharakisha uharibifu huo.

Maji yakisikika yakichezacheza mlango unapofunguliwa, ni dalili kwamba matundu yameziba. Dereva ayazibue kwa kijiti chembamba kisichokwaruza rangi, asuuze kwa maji safi, kisha auache mlango wazi ukauke. Naye fundi anayepaka rangi upya asiyafunike kwa puti.

Kazi hiyo huchukua dakika chache kila mwezi. Ikipuuzwa, halmashauri hulipia mabati na uchomeleaji, na gari la kusambaza chanjo hulala karakana katikati ya masika.