SOMO LA LEO: MBWA WA MSAADA NA MBWA WA UONGO



Katika somo la leo tutasafiri mbali. Tutakwenda Marekani. Tutaingia dukani na mkahawani, tuone taabu anayoipata mwenye duka akijiwa na mteja mwenye mbwa.

Msicheke kwanza. Jambo hili ni zito. Wapo watu ambao bila mbwa hawawezi kuvuka barabara. Na wapo wengine wanaosema uongo ili mbwa wao waingie kila mahali. Mwenye duka atawatambuaje? Na akikosea, ataumia nani?

Tena baadhi yetu tuna watoto na ndugu waliohamia huko. Wengine huendesha teksi, wengine hufanya kazi hotelini. Jambo hili wanakutana nalo.

1. Mbwa wa msaada ni yupi?

Sisi vijijini tunamjua mbwa wa kulinda nyumba na mbwa wa kuwinda. Mbwa wa msaada ni mwingine. Huyu amefundishwa kazi maalum ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu.

Mnyama kufundishwa kazi si jambo geni kwetu. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wengine hunusa makohozi ya watu, na hivyo husaidia kugundua kifua kikuu. Kama panya anaweza, mbwa atashindwaje?

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walifungua shule ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Huko Marekani, kijana mmoja asiyeona, Morris Frank, alisafiri mwaka 1928 mpaka Uswisi. Alirudi na mbwa aliyeitwa Buddy. Mwaka 1929 yeye na mama mmoja, Dorothy Harrison Eustis, walianzisha shule ya mbwa viongozi. Shule hiyo, The Seeing Eye, ipo mpaka leo.

Siku hizi mbwa wa msaada wanafanya kazi nyingi. Mmoja anamwongoza asiyeona. Mwingine anamgusa kiziwi ili ajue mlango unabishwa. Mwingine anavuta kiti cha magurudumu. Yupo anayemlinda mgonjwa wa kifafa anapoanguka. Yupo hata anayemkumbusha mgonjwa wa akili kunywa dawa zake.

2. Sheria inasema nini?

Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Kwa sheria hiyo, duka, mkahawa, hoteli na teksi lazima zimpokee mtu pamoja na mbwa wake wa msaada. Hata kama mlangoni pameandikwa "Mbwa hawaruhusiwi", huyu anaingia. Wala hatozwi pesa ya ziada kwa sababu ya mbwa.

Dereva wa teksi hawezi kusema, "Mimi naogopa mbwa." Hawezi kusema, "Manyoya yananifanya nipige chafya." Sheria haikubali sababu hizo.

Lakini sikilizeni vizuri. Mbwa anayemfariji tu mwenyewe, ambaye hakufundishwa kazi yoyote, si mbwa wa msaada kwa sheria hiyo. Kumpenda mbwa wako ni jambo zuri. Lakini mapenzi si kazi.

3. Uongo unaingiaje?

Huko watu wengi hukaa na mbwa ndani ya nyumba, wanampenda kama mtoto. Wakienda safari au mkahawani hawataki kumwacha. Hoteli nyingine zinamkataa, nyingine zinadai malipo zaidi. Basi mtu anatafuta njia ya mkato. Ananunua kizibao chenye maandishi "Mbwa wa Msaada" na kumvika mbwa wake. Mwingine ananunua cheti kwenye intaneti. Vyeti hivyo sheria haivitambui hata kidogo. Ni karatasi tu.

Mtaniuliza: kwa nini serikali isitoe cheti cha kweli, kila mwenye mbwa akionyeshe? Swali zuri. Mtu mwenye miguu mizima haonyeshi karatasi akienda kununua mkate. Sheria haikutaka mwenye ulemavu aonyeshe. Pia mwenye ulemavu anaruhusiwa kumfundisha mbwa wake mwenyewe, bila kwenda shuleni. Kwa hiyo hakuna cheti kinacholazimishwa dukani. Mlango huo uliofunguliwa kwa heshima, waongo nao wanapita humo humo.

4. Nani anaumia?

Wa kwanza kuumia si mwenye duka. Ni mtu asiyeona.

Mbwa wa nyumbani ambaye hakufundishwa, akiingia dukani penye watu wengi, huingiwa na wasiwasi. Hubweka. Pengine humrukia mbwa kiongozi na kumng'ata. Mbwa kiongozi aliyeng'atwa anaweza kuwa mwoga, asiweze tena kazi. Hapo mwenyewe amepoteza macho yake mara ya pili.

Tena mwenye duka aliyedanganywa mara tatu, mara ya nne hamwamini mtu. Anakuja mwenye shida ya kweli, anafukuzwa mlangoni. Ndiyo ile methali yetu: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki ni sawa. Kwa watu si haki.

5. Maswali mawili tu

Basi mwenye duka afanye nini? Sheria inamruhusu kuuliza maswali mawili, pale ambapo kazi ya mbwa haionekani wazi:

(a) Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu?
(b) Amefundishwa kufanya kazi gani?

Basi. Haruhusiwi kuuliza, "Unaumwa nini?" Haruhusiwi kudai cheti. Haruhusiwi kusema, "Hebu mwambie afanye kazi yake tuone." Na kama mtu haoni na mbwa anamwongoza, hata maswali hayo mawili hayana haja.

Tazameni mfano huu:

Mwenye mkahawa: Karibu, mama. Samahani, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu?
Mteja: Ndiyo, bwana.
Mwenye mkahawa: Amefundishwa kazi gani?
Mteja: Sukari yangu mwilini ikishuka ananusa, halafu ananigusa mguu.
Mwenye mkahawa: Ahsante, mama. Karibu ukae.

Mambo yamekwisha. Hakuna aliyeaibishwa. Lakini mteja akijibu, "Huyu ananifurahisha tu," mwenye mkahawa anaweza kumwambia kwa upole kwamba mbwa abaki nje.

6. Tazama matendo, usitazame kizibao

Je, mteja akisema uongo katika maswali yote mawili? Hapo mwenye duka atazame matendo ya mbwa. Mbwa wa msaada lazima awe chini ya amri ya mwenyewe. Kwa kawaida amefungwa kamba, isipokuwa kama kamba inazuia kazi yake. Akibweka ovyo, akiwarukia watu, na mwenyewe asimtulize, anaweza kutolewa nje. Akijisaidia haja sakafuni kwa kuwa hakuzoeshwa, anaweza kutolewa nje. Hata kama ni mbwa wa msaada wa kweli! Wala mkahawa haulazimiki kumkalisha mbwa kitini au kumlisha mezani.

Lakini anayetolewa ni mbwa. Mteja mwenyewe lazima aambiwe, "Wewe unakaribishwa, rudi ununue bila mbwa."

Mnaona njia hii? Mwenye duka hana haja ya kuwa hakimu wa magonjwa ya watu. Anahukumu jambo linaloonekana kwa macho.

7. Serikali nazo zimefanya nini?

Majimbo kadhaa yametunga adhabu. Katika jimbo la California, anayedanganya kwamba mbwa wake ni wa msaada anaweza kufungwa hadi miezi 6, au kutozwa faini ya hadi dola 1,000, au vyote viwili. Florida ilitunga sheria yake mwaka 2015. Huko mwongo hufanyishwa pia kazi ya kujitolea saa 30, kwa faida ya watu wenye ulemavu.

Kwenye ndege mambo yalizidi. Wanyama wa kufariji walikuwa wakipanda bure. Mwaka 2018 abiria mmoja alifika uwanja wa ndege wa Newark na tausi! Alikataliwa. Tangu Januari 2021 kanuni mpya inatumika. Mashirika ya ndege hayalazimiki tena kupokea wanyama wa kufariji. Yanalazimika kupokea mbwa waliofundishwa tu, na yanaweza kumtaka abiria ajaze fomu.

8. Sisi tunajifunza nini?

Hapa kwetu wengi wasioona hutumia fimbo nyeupe, au huongozwa na mtoto. Lakini somo ni lile lile. Msaada ukiwekwa kwa ajili ya wenye shida, wasio na shida hujipenyeza. Tukiwaacha, msaada unakwisha. Tukimshuku kila mtu, tunamtesa mwenye shida. Njia ya katikati ni hii: tuulize kidogo, tuulize kwa heshima, kisha tutazame matendo.

Na wewe mwenye afya, usichukue nafasi ya mwenye ulemavu. Hukumwibia mwenye duka. Umemwibia asiyeona.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mbwa wa msaada na mbwa wa nyumbani wana tofauti gani?
2. Mwenye duka anaruhusiwa kuuliza maswali gani mawili?
3. Kwa nini haruhusiwi kudai cheti?
4. Katika kijiji chenu, ni msaada gani uliowekwa kwa wenye shida ambao wasio na shida huuchukua? Mtauzuiaje bila kumwaibisha mwenye shida ya kweli?