Mtazamaji si Mwanafunzi

Wanaouliza projekta inauzwa wapi waende Lubumbashi, wauzaji wapo na wana midomo. Hapa nimejibu barua zilizonikera kuhusu kuonyesha filamu hadharani.

*Yaya, filamu iko YouTube. Ruhusa ya nini tena?*

Kuwekwa mtandaoni si kugawiwa. Kutazama peke yako nyumbani ni jambo moja, kukusanya watu mia uwanjani ni jingine. Mwandikie mtengenezaji: taja mahali, tarehe, viti vingapi na kama kuna kiingilio. Wengi hujibu, na bei yao mara nyingi ni ndogo kuliko hofu yako. Ajabu ni kwamba anayelalamika kutwa kuwa shaba yetu inaondoka bure ndiye huyohuyo mwenye flashi iliyojaa filamu za wenzake.

*Utatuletea lini filamu zenye mafundisho?* (Barua nne: mwalimu, mchungaji, na maofisa wawili wa mashirika yasiyo ya kiserikali.)

Nawajibu pamoja kwa kuwa mmeandika barua moja. Wazo kwamba Mwafrika akikaa mbele ya skrini lazima afundishwe hatukurithi kwa babu zetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu za kumwelimisha mtu wa Afrika Mashariki kuhusu kilimo, afya, hata kuweka akiba posta. Upande wetu, sheria ya kikoloni iliwazuia Wakongomani kutazama filamu ambazo wakaguzi hawajazipitisha kwa ajili yao. Wamisionari nao wakatengeneza zao, zikiwemo za wachekeshaji Matamata na Pilipili zilizopigwa Kasai. Na nadharia ilikuwepo: mtu mweusi hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, basi mpeni hadithi iliyonyooka, polepole, na funzo mwishoni. Nashuku watu walimcheka Pilipili na funzo wakaliacha palepale.

Padri ameondoka, nafasi yake imekaliwa na afisa mwenye fulana ya mradi. Anaonyesha filamu ya kipindupindu, kisha anauliza, "Mmejifunza nini?" Watu humjibu anachotaka kusikia, wanapokea soda, wanarudi nyumbani.

Kazi yangu ni kuamua filamu ipi ikae karibu na ipi. Chukua *Machini* ya 2019, ya Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi, waliotumia chaki na vijiwe kusimulia maisha ya mji uliomezwa na viwanda. Iweke baada ya filamu mojawapo ya Gérard De Boe, Mbelgiji aliyetengeneza filamu za kuisifu koloni. Baadhi zilitolewa tena kwenye DVD huko Ubelgiji mwaka 2010. Ukishaziweka filamu hizo mbili hivyo, nyamaza. Dereva ambaye lori lake limepanga foleni ya kuvuka mpaka wa Mokambo kwenda Mufulira, Zambia, shaba mgongoni, hahitaji mtu wa kumweleza alichokiona. Atabishana na mwenzake, pengine kuhusu jambo ambalo mimi sikuliona kabisa. Ndilo ninalolitafuta.

*Watu wa Mokambo wanataka filamu za karate tu.*

Uliwaonyesha nini kingine?

*Festivali ya ng'ambo inaomba dola hamsini na kunihakikishia tuzo.*

Tuzo inayohakikishwa kabla filamu haijatazamwa ni risiti.

*Serikali ikinizuia?* (Barua mbili.)

Inaweza. Mwaka 2015 Kinshasa ilizuia filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Mukwege anayewatibu wanawake waliobakwa, kelele zikapigwa, kizuizi kikaondolewa. Lakini ninyi mnaowaza ukaguzi wa Kinshasa hamjamwona hata chifu wa mtaa! Mpelekee barua mapema, baki na nakala yenye muhuri, na siku ya onyesho uwe nayo mfukoni.

*Picha yangu ni safi, mbona watu wanaondoka katikati?*

Kwa sababu hawasikii. Kila mtu ananunua projekta kubwa, kisha anaiunganisha na spika ya harusi iliyopasuka. Gawa fedha upya, spika kwanza. Kisha lugha: *Examen d'État* ya Dieudo Hamadi ilipigwa Kisangani, na maandishi ya Kifaransa chini ya picha hayamsaidii mama anayejua Kibemba na Kiswahili. Tafuta msomaji mmoja wa maikrofoni, aitazame filamu mara mbili kabla, asome tafsiri kwa sauti ya chini na asiongeze vichekesho vyake. SNEL ikikata umeme, jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta, upande ambao upepo unaelekea.