Samaki Ashikwaye kwa Chambo Kisicholika

Mwalimu mmoja wa huku Shangani ametuletea barua yenye maswali mawili, nasi twaona yafaa kuyajibu mbele ya wasomaji wote, maana swali la pili lawahusu wakubwa wa vijiji kuliko limhusuvyo yeye. Swali la kwanza: je, ni kweli kwamba katika ziwa la Naivasha, nchi ya Kenya, watu huvua samaki mkubwa wa maji baridi kwa kipande cha mti au cha bati, pasipo nyama wala dagaa katika ndoana? La pili: ikiwa ni kweli, haifai samaki huyo aletwe akatiwe katika ziwa la Kitere, vijana wetu wapate kitoweo na wageni waje kumvua kwa fedha?

La kwanza ni kweli, na sisi wenyewe tumefanya hivyo, ingawa kwa aibu kidogo, kama tutakavyoeleza. Lakini mtu wa pwani hana haki ya kustaajabu sana. Wavuvi wetu watokapo kwa ngalawa hukokota mshipi nyuma ya chombo, na katika ndoana wametia manyoya meupe ya kuku au utepe wa kitambaa, na nguru huyarukia kwa pupa. Huku ndiko kurambaza, na babu zetu hawakufundishwa na mgeni.

Samaki wa Naivasha asili yake ni Marekani, upande wa mashariki. Waingereza humwita kwa jina linalosikika masikioni mwetu kama neno "basi", na kwa kuwa neno hilo lina kazi nyingi kwetu, sisi tutamwita besi. Rangi yake ni kijani kilichokolea mgongoni na nyeupe tumboni, na ubavuni ana mstari mweusi toka kichwani mpaka mkiani. Kinywa chake ni kikubwa mno. Taya lake hupita nyuma ya jicho. Meno yake ni madogo kama msasa, hata mvuvi aweza kumshika mdomo wa chini kwa kidole gumba asidhurike. Dume ndiye achimbaye kiota chini ya maji na kuyalinda mayai na watoto, jambo ambalo baadhi ya wanadamu wangeweza kuliona haya.

Habari ya chambo cha bandia husimuliwa hivi. Katika karne ya 19 alikuwako kijana wa Marekani, jina lake Julio Buel, ambaye kijiko kilimponyoka mkononi alipokuwa akila ndani ya mashua. Kilipokuwa kikizama huku kikimetameta, samaki mkubwa akatokea akakinyakua. Buel akaenda nyumbani, akakata mpini wa kijiko kingine, akafunga ndoana. Kama kisa cha kijiko kilikuwa hivyo hasa hatuwezi kuapa, lakini hati ya serikali ya kumlinda katika uvumbuzi wake aliipata mwaka 1852. Na besi mkubwa kuliko wote walioandikwa katika vitabu vya nchi ile alivuliwa katika jimbo la Georgia mwaka 1932 na kijana mkulima, George Perry, kwa chambo cha bandia. Uzito wake ulikuwa ratli 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na zaidi.

Sasa tuseme yaliyotupata. Tulipofika Naivasha tulipewa mashua na mzee mmoja wa kupiga makasia, tukalipia kibali cha kuvua, tukaondoka kabla ya jua kupanda. Ziwa lile liko juu sana, kama mita 1,890 kupita usawa wa bahari, na asubuhi baridi yake humfanya mtu wa Mtwara ajute kuzaliwa. Kandokando yake mna mafunjo mengi, na kati ya mafunjo mna viboko, ambao mzee wetu aliwaogopa kuliko alivyotujali sisi.

Tulikuwa na ufito mwepesi wenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, na samaki wa mti aliyepakwa rangi, mwenye ndoana mbili tumboni. Tukatupa, tukavuta. Tukatupa tena, tukavuta upesi zaidi, kama tuvutavyo kwa nguru. Saa nzima ikapita, na ya pili, wala hapana hata aliyegusa. Mzee akatazama kimya, na kwa adabu yake alingoja tumuulize. Tulipomwuliza, alisema, "Bwana, wewe wamkimbiza samaki asiyekimbia. Huyu hukaa mlangoni pake. Mpitishie chakula mlangoni, kisha kiache kife kidogo."

Wasomaji wayashike maneno hayo, maana elimu yote imo humo. Nguru ni mkimbiaji wa bahari kuu. Huona kitu chapita mbio, naye hukimbilia. Besi ni mviziaji. Hujificha katika kivuli cha mafunjo, au chini ya gogo, au ukingoni ambapo maji machache hukutana na maji ya kina, akingoja kipitacho karibu. Hapendi kupoteza nguvu kwa kitu kilicho mbali. Pia ubavuni mwake, kama walivyo samaki wengine, pana mfululizo wa matundu madogo ya kusikia mtikisiko wa maji, hata katika giza. Basi chambo kisicho na harufu wala ladha hakina budi kusema naye kwa mtikisiko na kwa mmeto. Kikivutwa kidogo, kikasimama, kikashuka kama samaki mgonjwa, yeye hafikiri tena. Hufungua kinywa kwa ghafula, na maji huingia pamoja na chambo. Lakini akiisha kuonja kwamba ni mti mtupu hutema mara moja, na kwa hiyo mvuvi hana nafasi ya kuzubaa.

Tukatupa kando ya mafunjo, shubiri mbili hivi toka majani. Tukahesabu mpaka tano. Tukavuta mara mbili, tukaacha. Mshipi ukaenda upande, si kwa kishindo, bali kama mtu aliyevuta kanzu yako kwa nyuma. Tuliduwaa, naye akatema.

Hiyo ndiyo aibu tuliyoitaja. Mzee hakucheka, au alicheka akiwa amegeuza uso.

Mara ya tatu baada ya hapo mshipi ulipokwenda upande tuliinua ufito papo hapo, nao ukapinda. Samaki akaja juu, akaruka nje ya maji, akitikisa kichwa ili aiondoe ndoana. Hapo mshipi ukilegea kazi imekwisha. Tukashusha ncha ya ufito karibu na maji, tukaushika mshipi umekaza, wala hatukumburuta kwa nguvu. Tulipomwinua kwa mdomo hakuzidi ratli 2. Tulimtazama kana kwamba ni papa.

Sasa swali la pili, na hapa twamwomba mwalimu asituone wachoyo. Besi hakuwa mwenyeji wa Naivasha. Alitiwa ziwani mwaka 1929, baada ya perege waliotiwa mwaka 1925, ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Kabla yao ziwa lile lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, mdogo kuliko kidole. Samaki huyo mara ya mwisho kuonekana humo ilikuwa mwaka 1962, na wataalamu humhesabu besi miongoni mwa waliommaliza. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wa Marekani. Besi akawala hao, lakini kamba nao wakala majani ya majini mpaka sehemu kubwa za ziwa zikawa tupu. Mgeni mmoja alitafutiwa mgeni mwingine wa kumlisha, na wa pili akaharibu nyumba. Huko Afrika ya Kusini, alikoingizwa mwaka 1928, samaki wadogo wa mito ya Cape wametoweka mahali pengi alipofika. Na wasomaji waliokaa Mwanza hawahitaji tuwaeleze habari za sangara, aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi ambao hawaonekani tena.

Kweli sangara ameleta fedha, wala hatufichi. Lakini Ziwa Victoria ni bahari, na Kitere ni kiziwa tu. Humo na katika mito yetu yumo perege ambaye wataalamu wamempa jina la mto Ruvuma, kwa kuwa ni wa nchi hii. Ndiye kitoweo cha mama asiye na mashua. Besi hula watoto wa perege kabla hawajafika ukubwa wa kutiwa chunguni. Wala asiseme mtu kwamba atamfuga katika kibwawa chake peke yake, maana mvua kubwa zinyeshapo maji hayajui mpaka wa shamba, na samaki akiisha kuingia mtoni hapana jumbe wala askari awezaye kumwita arudi. Tena kuleta samaki mgeni si jambo la mtu kujiamulia, wala la baraza la kijiji peke yake. Lazima Idara ya Uvuvi iulizwe kwanza.

Vijana wakitaka kujifunza ufundi wenyewe, ufundi hauna haja ya besi. Kolekole wadogo huingia karibu na mikoko maji yajaapo, na chewa hukaa mlangoni pake penye miamba kama vile vile besi akaavyo. Tumempelekea mwalimu kijiko cha bati kilichokatwa mpini, chenye ndoana moja, pamoja na barua hii. Ajaribu maji yakianza kujaa, alfajiri, avute mara mbili kisha aache.