Dondoo muhimu: Tamthilia za kutazama na mtoto anayekaribia kubaleghe

Kwa wazazi wa Kisumu, tangu Kondele hata Dunga ufuoni mwa Ziwa, ambao jioni huketi na watoto wao mbele ya runinga:

• Tazama alama. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya huandika GE kwa tamthilia iwafaayo watu wote, PG kwa ile ihitajiyo uangalizi wa mzazi, na 16 au 18 kwa zisizomstahili mtoto wa miaka 11.

• Chunga wakati. Kanuni za utangazaji huamuru kwamba vipindi vya kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku viifae jamaa nzima. Yajayo baadaye ni ya watu wazima.

• Tanguliza za nyumbani. Machachari, ambayo wahusika wake wakuu ni watoto, na Vioja Mahakamani, ambayo humwonyesha mkosaji mbele ya hakimu, zina maisha ayatambuayo mtoto.

• Zungumzeni. Kipindi kiishapo, muulize, kwa Kiswahili au kwa Dholuo, ni nani aliyedhulumiwa, na yeye angalitenda nini.

Ewe mzazi, usimwachie runinga malezi ya mwanao: keti naye.