SOMO LA PIKIPIKI: CHOKI NA SLAIDI YA KABURETA



Siku hizi wengi wetu hatuchukui tena karafuu kwa punda wala kichwani. Zikishachumwa hutiwa guniani, gunia hufungwa juu ya pikipiki na kupelekwa kwenye majamvi. Na kila mwenye shamba ajua kwamba karafuu mbichi hazingoji. Zikilala guniani hupata joto na kuchacha, na hata zikianikwa baadaye hutoka nyeupe-nyeupe na zimekunjamana, bei yake si bei. Basi pikipiki inayokataa kuwaka magharibi, na mzigo uko juu yake, si jambo dogo.

Somo hili tumelijenga juu ya safari za pikipiki za Kihonda, mjini Morogoro. Kihonda ni tambarare, upande wa njia ya Dodoma, na mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari. Kutoka huko pikipiki huenda hadi milima ya Uluguru, ambako wenzetu wa bara nao hulima karafuu, kama vile Kinole, Mkuyuni na Matombo. Katika safari moja chombo hutoka kwenye joto na vumbi kikaingia kwenye baridi na ukungu, na hapo kabureta huonyesha tabia zake zote. Huku kwetu visiwani nchi si ya milima mirefu, lakini kabureta ni ile ile.

Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli yataka hewa sehemu 14 hadi 15. Mfano wake ni bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu: hewa ipitayo kwa kasi juu ya mdomo wa mrija huivuta dawa kutoka kopo na kuitawanya. Ndani ya kabureta pana njia ya hewa iliyobanwa katikati. Hewa ifikapo pale hukimbia zaidi, kani yake hupungua, na petroli iliyo katika kibakuli cha chini hupanda kwa tundu dogo liitwalo jeti. Boya ndani ya kibakuli huzuia petroli isifurike.

Sasa slaidi. Hicho ni kipande kama kikombe kidogo kilichofudikizwa, nacho husimama katikati ya njia ya hewa. Ukizungusha mkono wa mafuta, waya hukivuta juu na njia hufunguka. Ukiachia, springi hukirudisha chini. Chini yake huning'inia sindano iliyochongoka, imeingia ndani ya jeti. Slaidi ikipanda, sehemu nyembamba ya sindano hubaki mdomoni mwa jeti, na petroli hupita kwa wingi. Ndiyo maana hewa na petroli huongezeka pamoja. Slaidi ikiwa chini kabisa, injini hunguruma kwa jeti nyingine ndogo ya pembeni. Na hiyo ndiyo huziba mara nyingi pikipiki ikikaa wiki kadhaa bila kazi.

Tazameni tena slaidi yenyewe: upande mmoja wa chini umekatwa mshazari. Upande huo lazima uelekee kwenye kichujio cha hewa, wala si kwenye injini. Una na mfereji wa kukaa juu ya pini ili isigeuke. Mtu akiirudisha kinyume kwa nguvu, injini huwaka na kupiga kelele kwa kasi yote, hata mkono umeachiwa. Hatari ni ile ile slaidi ikikwaruzwa na mchanga ikakwama juu, au waya ukianza kukatika nyuzi. Mtelemko wa Uluguru, abiria nyuma, na injini haitaki kushuka: hapo ni kuzima swichi na kushika breki, basi. Kwa hiyo hatukubaliani kabisa na wale waondoao kichujio ati pikipiki ipumue. Vumbi la Kihonda lingekuwa na ulimi lingewajibu.

Choki ni kitu kingine, ingawa wengi huchanganya. Injini baridi haiwezi kuigeuza petroli yote kuwa mvuke, nyingine hubaki matone yasiyoshika moto. Choki hutengeneza upungufu huo. Katika kabureta nyingi ni kibati kinachofunga njia ya hewa, ili injini inyonye petroli zaidi. Katika nyingine ni kijiti kinachofungua njia ya ziada ya petroli. Washeni kwa choki, na injini ikipata joto kidogo, ifungeni. Mwenye kuisahau hunywesha pikipiki mafuta bure, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Kama injini bado ni ya moto, choki haihitajiwi.

Turudi mlimani. Kila tupandapo, hewa huwa nyepesi. Kwenye mita 1,500 uzito wake umepungua kama sehemu 14 katika 100 kuliko pwani. Petroli haipungui kwa kadiri hiyo, kwa hiyo pikipiki hulemewa, kana kwamba imeachwa na choki nusu. Fundi aweza kupandisha kibanio cha sindano ngazi moja, sindano ikashuka na petroli ikapungua. Lakini pikipiki ikirudi kukaa pwani, kibanio nacho kirudishwe, maana petroli ikiwa haba injini huchemka. Plagi itawaambia: nyeusi, petroli imezidi, nyeupe, imepungua, rangi ya chai ya maziwa, ni sawa.

Baadhi ya pikipiki zina kabureta ya namna nyingine. Waya hufungua kibati tu, na slaidi huinuliwa na mvuto wa hewa kwa ngozi ya mpira iliyo juu yake. Pikipiki kama hiyo ikinguruma vizuri imesimama lakini ikakosa nguvu kila uongezapo mafuta, fungueni kifuniko cha juu kwanza, muitazame ile ngozi kwenye mwanga kama imetoboka, kabla ya kununua jeti.