Kuwatoa Vifaranga Bruda: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Maelekezo haya ni ya mfugaji wa kuku wa kienyeji au chotara anayelea vifaranga ndani, kwenye bruda inayopashwa joto kwa jiko la mkaa au taa, hasa aliyeko nyanda za juu kama Njombe, Makete na Mufindi. Huko Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Kifaranga aliyetolewa mapema huonekana mzima mchana kutwa, akakimbia na kudonoa kama wenzake, kisha usiku akafa.

Usihesabu wiki peke yake. Mshike kifaranga mkononi, mfunue bawa, pekua shingoni, kifuani na kwapani. Ukikuta bado yale manyoya laini ya utotoni, mrudishe bruda. Mabawa na mkia huwahi kuvaa na ndivyo vinavyowadanganya watu. Kifua na kwapa ndivyo vya kutazama. Ukanda wa pwani wakati wa joto wengi huwa tayari wiki ya 4 au ya 5. Njombe wakati wa kipupwe, subiri wiki ya 6 hadi ya 8. Bei ya mkaa isikuamulie.

Punguza joto hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Baada ya hapo shusha kama nyuzi 3 kila wiki. Kabla ya kuhama, wakae siku kadhaa bila moto wowote, usiku pia, wakiwa bado ndani. Vifaranga waliolala na jiko jana wasilale nje leo.

Wahamishe asubuhi. Waliohamishwa jioni huingia gizani bila kujua maji yako wapi wala chakula kiko wapi. Wabebe kwenye tenga au boksi lenye matundu. Usiwaning'inize kwa miguu.

Siku hiyo usichanje, usibadili chakula. Mabadiliko mawili kwa mpigo ni mzigo mkubwa mno kwa kifaranga. Chanjo za kideri na Gumboro ziwe zimeshatolewa kwa ratiba yake, na kinga ipewe wiki moja au mbili ikae mwilini. Wanaochanja kwa maji ya kunywa wasitumie maji yenye klorini, kwa kuwa klorini huua chanjo.

Usiku wa kwanza usilale mapema. Nenda bandani na tochi. Vifaranga wenye baridi hulundikana konani, wakapandana tabaka juu ya tabaka, na wa chini hukosa hewa. Asubuhi utawaokota wamebanwa bapa, hawana jeraha, na jirani atakwambia ni ugonjwa. Si ugonjwa. Kwa hiyo ziba kila kona kwa kadibodi au kipande cha bati ili banda liwe la mviringo, mwaga maranda makavu ya kutosha, zuia upepo unaopita chini walipolala, lakini acha hewa itoke juu. Ukiwakuta wamelundikana, watawanye kwa mkono na uwarudishie moto usiku huo huo. Usione haya kuwarudisha ndani hata wiki nzima.

Usiwafungulie uwanja siku ya kwanza. Wazoee banda siku mbili tatu, kisha wafungulie saa nne jua likishapanda na kukausha umande, uwarudishe saa tisa. Wingu likitanda, hawatoki. Kifaranga akilowa huku kuna upepo, manyoya yake hayamsaidii kitu.

Usiwachanganye na kuku wakubwa. Watadonolewa, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba kuku mkubwa anaweza kubeba vimelea vya koksidia tumboni bila kuugua na kuvimwaga kwenye kinyesi. Vimelea hivyo hukomaa kwenye unyevu na joto, na vifaranga wa wiki 3 hadi 6 ndio hupigwa zaidi. Uwanja wao uwe wao peke yao. Ondoa kila siku maranda yaliyolowa, hasa pale penye chombo cha maji.

Weka wavu wenye tundu la nusu inchi. Ule wa tundu kubwa humzuia kuku kutoka, haumzuii panya wala kicheche kuingia. Juu funika kwa ajili ya mwewe na kunguru. Chunguza siafu kila jioni.

Endelea na chakula cha vifaranga hadi wiki ya 8. Pumba tupu haiwatoshi, na wadudu wa uwanjani si mlo kamili.

Ukiona kinyesi chenye damu, mabawa yamelegea na manyoya yamesimama, usingoje kesho. Mtenge mgonjwa, wape kundi zima amprolium, dawa ya koksidia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, badilisha maranda yote, na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kufa usimtupe jalalani. Mpe afisa ampasue, kisha mzike au mchome.